Beti Kumi na Moja za Mwana Rukia

Kila mwaka mitihani ikikaribia mnakuja barazani kwangu wawili wawili, madaftari mmekwisha kuyapiga mistari. Upande huu mmeandika wahusika, upande ule dhamira, na chini yake mmeacha nafasi nyeupe mkitaka mzee Bakari awajazie. Mmesikia nilikuwa mtu wa vitabu, basi mnadhani majibu nayaweka mfukoni pamoja na tumbaku. Ni kweli ninayo. Niliwapa kaka zenu na dada zenu, wakafaulu, wakarudi kunishukuru, na kila shukrani iliniachia uchungu ambao sikuwa na wa kumweleza. Safari hii sijazi daftari la mtu. Nimewaandikia haya badala yake, na atakayechoka njiani akacheze mpira.

Miaka ya hamsini nilikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha chapa pale Usagara. Msikitafute, hakipo tena. Tulichapa kalenda, kadi za harusi, karatasi za mahudhurio ya vibarua wa mkonge, na vitabu vyembamba vya kusomea shuleni. Mimi nilisoma kurasa za majaribio kabla mashine haijaanza kazi. Niliwahi kuziacha kadi za harusi zitoke na jina la kaka wa bwana harusi. Kaka mwenyewe alikuwa hajaoa, akasema yeye kwa upande wake ameridhika. Nilicheka siku ile, kwa sababu kosa la namna hiyo huchapwa upya likaisha.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kunakili tendi za zamani, kuzitoa katika hati za Kiarabu na kuzitia katika herufi hizi mnazosoma. Utenzi mnaujua, ni hadithi ndefu ya kishairi, kila ubeti mistari minne, kila mstari mizani minane. Aliyenifundisha kunakili ni Mwalimu Athumani, mzee wa Pangani, mfupi, mkali, mwenye kikohozi kisichopona. Siku ya kwanza nilinakili kurasa mbili mbio mbio nikampelekea, najiona bingwa.

"Umeusoma wote?" akaniuliza.

"La, Mwalimu. Naunakili huku nausoma."

"Basi wewe ni fundi anayekata kanzu hajampima mwenyewe. Rudi."

Akanisomesha utenzi mzima kwa sauti mara tatu ndipo akanipa kalamu. Ulikuwa utenzi wa vita, na mimi nilikuwa na haraka ya kufika mashujaa wetu washinde. Maneno ya adui niliyapita nikiyatafuna. Akanisimamisha, akanirudisha nyuma, akataka nimsome yule adui vizuri, kama mtu anayeamini anachokisema. Nikasoma. Nikaona aibu, kwa sababu maneno matamu kuliko yote katika utenzi ule alikuwa amepewa adui.

"Sasa umeona," alisema. "Mtunzi mjinga atakwambia huyu mwema, huyu mbaya, basi kamaliza. Mtunzi hodari humpa mtu wake kazi ya mikono, kisha hukaa pembeni akanyamaza. Wewe tazama mikono."

Hilo la tabia. Kuhusu dhamira alinifundisha kitu ambacho sijakiona katika madaftari yenu hata mara moja. Ninyi mnaitafuta dhamira katika ubeti wa mwisho, kwa kuwa walimu wenu nao wanaitafuta huko huko. Mwalimu Athumani alikuwa akisema, hesabu mwendo. Mtunzi anapokimbia, mahali pale hapamshughulishi. Anapopunguza mwendo, akaanza kuhesabu hatua na pumzi, ujue hapo ndipo roho yake ilipo. Nimefanya kazi ya vitabu maisha yangu yote na sijapata kipimo bora kuliko hicho. Kuna mmoja wenu mwaka juzi aliulizwa mhusika mkuu ni nani, akaandika Bismillahi, kwa kuwa ndilo jina la kwanza aliloliona. Nilicheka mpaka nikakohoa, lakini huyo angalau aliufungua utenzi wenyewe.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Utenzi wa Ghala, huo mnaosoma shuleni, niliutoa mimi Tongoni kwa Bi Mwanakombo. Aliyeutunga ni bibi yake, mama wa mama yake, na hati ilikuwa ya mkono wa huyo bibi mwenyewe, imefungwa katika kanga, inakaa sandukuni. Ulikuwa utenzi wa wanawake wa nyumba ile. Ulisomwa ndani kwa ndani, binti akiolewa au mwanamke wa ukoo akifariki, na wasikilizaji waliitikia kila mstari wa mwisho wa ubeti. Mwanamume hakupata kuushika. Nilikwenda mara nne. Bi Mwanakombo hakuwa na haraka. Aliniuliza habari za mama yangu, akaniuliza nani alinifundisha kusoma, akanipa chai, akanirudisha mjini mikono mitupu. Mara ya nne alinikabidhi kwa sharti moja.

"Ukimaliza uje unisomee, mwanangu. Nami nikusikie."

Hadithi yake ni fupi. Kadhi mmoja anakwenda Makka, anamwachia mkewe Mwana Rukia ufunguo wa ghala la mtama, anamwamuru asimfungulie mtu mpaka arudi. Njaa inaingia mjini. Watoto wa majirani wanakuja mlangoni. Rukia anafungua ghala, anagawa mtama mpaka unakwisha. Kadhi anarudi, anakuta ghala tupu, anauliza. Rukia anasema panya wameula. Kadhi anamtazama mkewe, anaomba maji, anakunywa, haulizi tena. Basi. Hapo unakwisha, inabaki dua na zile beti za kuagia ambazo watunzi wetu huziweka mwishoni, za kuwaomba wasomaji radhi:

Nanyi mtakaosoma
pakiwa pamenikwama
tengezeni kwa huruma
makosa mkiyaona.

Watunzi wote wa zamani waliomba hivyo. Ilikuwa adabu yao, mtu hajifanyi hakosei. Ikumbukeni, maana ndiyo niliyojifichia.

Nilipohesabu mwendo nilishangaa. Safari nzima ya Makka, kwenda na kurudi, bahari, jangwa na kila kitu, bibi yule aliimaliza kwa beti tatu. Lakini Rukia kusimama tu mbele ya mlango wa ghala, na ufunguo mkononi, kulichukua beti kumi na moja. Anakwenda, anarudi. Anawasikia watoto nje. Anatia ufunguo, anautoa. Hakuna mahali mtunzi anaposema ana huruma, au ni mwasi, au anamcha Mungu. Ni mikono tu. Katika zile kumi na moja ninao mmoja kichwani:

Mkono ukatetema
mlangoni kasimama
akarudi tena nyuma
asijue la kunena.

Nao huo, kwa miaka iliyopita, sina hakika tena kama ni wake mtupu au nimeujazia mimi palipofutika.

Niliunakili wote, sawasawa, herufi kwa herufi. Nawaapia. Nakala ya kwanza ilikuwa safi. Kisha akaja mkaguzi wa vitabu vya shule, Mzungu mpole aliyekijua Kiswahili vizuri, akausoma akiwa ameketi kwenye meza yangu. Alipomaliza aliniuliza neno moja.

"Vijana watajifunza nini hapa, Bakari? Mke amevunja amri, amesema uongo, na hakuna lililompata."

Akasema, "Fikiri," akachukua kofia yake akaenda zake.

Msinisingizie kwamba Mzungu alinilazimisha. Nimewasikia wengine wakilisimulia jambo hili hivyo na huwa siwakatizi, kwa sababu linanipendeza. Yeye aliuliza tu. Jibu nililijua, nilikuwa nimefundishwa miaka mitatu kulijua. Mwalimu Athumani angemjibu pale pale. Lakini mwezi ule alikuwa kwao Pangani, kikohozi kimemlaza, na mimi nilikuwa nimenong'onezwa kwamba kiwanda kinatafuta mhariri wa vitabu vya shule. Ningeweza kumngoja Mwalimu. Sikumngoja.

Nilichukua wembe nikazikata zile beti kumi na moja katika ile nakala safi, vipande nikavitupa. Tazameni ujanja wake, ninyi mnaojifunza tabia za wahusika. Sikumtukana Rukia. Sikubadilisha neno lake hata moja. Niliondoa kusita kwake tu, na mtu aliyekuwa akitetemeka mlangoni akawa mtu anayekwenda moja kwa moja, anafungua ghala la mumewe, anatoa mtama, kisha anasema uongo. Kwa wembe wa kunyolea ndevu nilimfanya mwizi kabla ya chakula cha mchana.

Halafu nikaongeza. Nilitunga beti nne nikaziweka kabla ya dua. Huu wa pili mnaujua wote, mnauimba mkienda shule:

Enyi wake fahamuni
mwizi wa mume nyumbani
ataingia motoni
na hasamehewi tena.

Mizani imetimia. Vina vimekaa. Ndiyo maana mpaka leo hakuna mtaalamu aliyeshtuka, na ndiyo maana kila daftari mnaloniletea limeunukuu ubeti huo huo chini ya neno dhamira. Mnasema mtunzi anawaonya wanawake. Mtunzi hakumwonya mtu yeyote. Ni kijana wa Usagara aliyetaka cheo.

Na dhamiri yangu niliinyamazisha kwa ule ubeti wa kuagia. Si mwenyewe ameomba atengezewe? Si mimi ni msahihishaji, ndiyo kazi inayonilisha? Nilijisomea ubeti ule mara kadhaa siku ile, nikaona kabisa kwamba bibi wa watu amenipa ruhusa.

Mkaguzi alifurahi. Nikapata cheo. Alipokuwa karibu kurudi kwao nilitaka kumpa kumbukumbu, na kwa kuwa kijana aliyepandishwa cheo haoni mbali, nikampa hati ya Bi Mwanakombo, na kanga yake. Nilijiambia kilichochapwa kimehifadhiwa, karatasi kuukuu ya nini? Haikuwa yangu hata ukurasa mmoja. Mwizi wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Kitabu kilipotoka nilikwenda Tongoni kutimiza sharti. Nilivaa kanzu mpya. Bi Mwanakombo alikuwa ukumbini kwenye mkeka, na mjukuu wake Mwanaidi, msichana wa shule, anachambua kunde karibu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu changu umekuja nacho?"

"Nimekuja na kizuri zaidi, bibi. Kimechapwa, tazama."

"Nasema changu."

"Kipo ofisini, kimehifadhiwa."

"Haya. Soma."

Nikasoma. Alifumba macho, midomo yake ikawa inakwenda pamoja na mimi bila sauti, kwa kuwa utenzi alikuwa nao kifuani. Tulikwenda vizuri, yeye na mimi, mpaka kwenye mlango wa ghala. Hapo mimi nikaruka. Nilisoma Rukia amekwisha ingia ndani, anapima mtama, nikainua macho nikaona midomo ya Bi Mwanakombo haiko nami. Alikuwa bado amesimama na Rukia mlangoni. Nilijua kila ubeti aliokuwa anaupita. Nilipunguza sauti, sikuacha kusoma, sijui kwa nini sikuacha. Nilipoingia katika beti zangu nne, midomo yake ikasimama. Nikazimaliza peke yangu.

"Hizi za nani?"

"Ndiyo za mwisho, bibi."

"Nakuuliza za nani."

"Nilitengeza kidogo. Bibi yako mwenyewe ameomba, pale anapoaga."

"Kaomba mtengeze penye kosa. Kosa umeliona wapi?"

Mwanaidi alikuwa ameacha kunde ananitazama.

"Rukia unamjua?" Bi Mwanakombo aliniuliza.

"Ni mke wa kadhi, bibi. Yumo utenzini."

"Hakuna kadhi. Bibi yangu kambadilisha mume kazi, kabadilisha na mji, ili watu wasichimbe. Jina kaliacha. Rukia ndiye mama yake. Mtama ule ulikuwa wa hapa, na wale watoto walioletwa mlangoni, mmoja ndiye aliyekuja kumwoa bibi yangu. Mie natokana na mtama ule, mwanangu. Na huyu Mwanaidi. Bibi katunga ili tukumbuke tulilishwa na nani. Nawe umemwandikia moto, kwa mkono wa bintiye."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningeshukuru. Alimwambia Mwanaidi anitilie chai, nami nikainywa.

Niliporudi mjini nilimwandikia mkaguzi kumwomba hati. Nikaandika tena. Hakuna kilichorudi, na sijui mpaka leo kama barua zilimfika. Nikaenda Pangani kwa Mwalimu Athumani, nikamwekea kitabu mkononi, nikamngoja anipige maneno. Alikisoma chote, na mlango wa ghala alipoufikia nilimwona ameganda. Akakifunga. "Vina umevipanga vizuri," alisema. Hakunifundisha kitu tena mpaka alipokufa.

Ndipo nikarudi Tongoni na karatasi tupu na penseli. Nilimwambia Bi Mwanakombo kweli yote, ya wembe, ya cheo, ya hati niliyoitoa zawadi. Nikamwomba anisomee zile beti kumi na moja tu, niziandike mbele yake, kisha nitachapa upya hata ikinipotezea kazi. Nilikuwa nimepiga magoti, na hilo siwaambii ili mnionee huruma.

"Nikikusomea utaandika," alisema. "Ukiandika utatengeza. Nenda, mwanangu."

Sikuzipata. Nilisikia baadaye kwamba tangu siku niliyomsomea hakuufungua tena mdomo wake kwa utenzi ule, hata kwa watu wa nyumbani, na wenzake waliokuwa wakiujua kwa moyo walikuwa wamekwisha kufa; waliobaki walijua kuitikia tu. Kitabu changu kikachapwa mara ya pili na ya tatu, bila kuguswa. Ningeweza kusema. Nilikuwa mhariri, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini kusema ilikuwa kueleza, na kueleza ilikuwa kuvua nguo mbele ya watu, nikaahirisha mwaka, na mwingine.

Ninyi mnaotaka kazi ya vitabu, nina moja la kuwaachia kabla sijamaliza. Mkiona mtu ndani ya hadithi anasita, msimwondolee kusita kwake. Kila mtu atawaomba mkuondoe, mwalimu, mkaguzi, mchapishaji, mama mwenye watoto wa shule, na wote watakuwa na sababu nzuri. Huko kusita ndiko mtu mwenyewe. Ukikukata unabaki na jina na kosa lake.

Bi Mwanakombo alifariki kabla muongo ule haujaisha. Siku ya hitima nilikwenda Tongoni na wenzangu wawili wa mjini. Wanaume tulikaa barazani juu ya mikeka, wanawake walikuwa ndani, na dua ikasomwa. Kisha nikaisikia sauti ya Mwanaidi kutoka ndani, anaanza utenzi. Ilikuwa desturi yao, nimewaambia, mwanamke wa ukoo akifariki. Alikuwa anausoma kitabuni.

Alisoma vizuri, mtoto yule. Shule ilikuwa imemfaa. Wanawake waliitikia kila mstari wa mwisho kama walivyoitikia mama zao. Alifika ghalani, akapita mlangoni bila kusimama, kwa kuwa hakukuwa na pa kusimama. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kuna kitu kinakosekana. Nilijiambia inuka, Bakari, bisha mlango, mwambie anyamaze. Zilikuwa zimebaki beti kama kumi. Kisha tano. Akaingia katika zile nne, na nyumba nzima, uzao wote wa Rukia, wakaitikia kwa sauti moja, "na hasamehewi tena."

Mzee aliyekuwa karibu yangu alitikisa kichwa akasema utenzi mzuri. Nami nikaitikia kwamba ni mzuri.

Watu walipokuwa wanatawanyika Mwanaidi alitoka mlangoni, macho yamevimba kwa kulia, na kitabu amekikumbatia.

"Shikamoo, mjomba Bakari."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimetaka nikushukuru. Bibi siku za mwisho hakutaka kutusomea, tukimwomba anageukia ukutani. Siku ile ulipokuja nilikuwa mdogo, sikuelewa mlichogombania. Lakini nasema, kama si wewe leo tungemuaga bila utenzi wake."

Nilimwangalia. Hapakuwa na mtu mwingine karibu, na alikuwa akiningoja niseme kitu.

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia, nikaenda kutafuta viatu vyangu.